Uvimbe wa gegedu kwenye mifupa ya uso: mionzi inafanya kazi, ila dozi ifike

#1 Kobalti_Mzee

Wakuu, uzi huu ni kwa ajili ya sentensi moja inayozunguka wodini na kwenye barua za rufaa: "gegedu haisikii mionzi." Nusu yake ni kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayoponza wagonjwa. Kondrosakoma, saratani ya seli zinazotengeneza gegedu, haitikisiki kwa Gy 45 au 50 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi). Ukimpa mgonjwa dozi hiyo kisha ukaandika "mionzi haikusaidia", hukupima mionzi, ulipima dozi pungufu.

Sababu zake zinaeleweka. Seli hizi hugawanyika polepole, na mionzi huua zaidi seli inapojaribu kugawanyika. Tena zimezama kwenye ute wa gegedu usio na mishipa mingi ya damu, kwa hiyo oksijeni ni haba, na bila oksijeni ya kutosha madhara ya mionzi kwenye DNA hurekebishika kirahisi. Dawa yake ni kupandisha dozi: Gy 60 kwenda juu baada ya upasuaji, Gy 70 au zaidi uvimbe ukiwa bado upo. Shida ya usoni ni kwamba kwenye sentimita mbili tatu kutoka hapo kuna neva ya jicho isiyovumilia zaidi ya Gy 54 au 55. Mjadala wote wa uzi huu umo katika pengo hilo.

Kwa wasioijua vizuri: kichwani na shingoni hutokea kama moja tu kati ya kondrosakoma 10 za mwili mzima, na mara nyingi hata chini ya hapo. Usoni hupenda sehemu ya mbele ya taya la juu, ukuta wa kati wa pua na mifupa ya ethmoidi, ile iliyo kati ya pua na macho. Taya la chini hupata mara chache.

Upasuaji ndio tiba ya kwanza, hilo tusilibishie. Daraja la 1 (la upole; la 3 ndilo kali zaidi) lililotolewa lote na kingo za nyama iliyokatwa zikawa safi, mwache, mfuatilie kwa picha. Mionzi inaingia pale kingo zina seli za saratani, au uvimbe ni daraja la 2 au la 3 na ukingo ni finyu, au umerudi baada ya upasuaji wa kwanza, au hauwezi kutolewa bila kumng'oa mtu jicho zima na msingi wa fuvu. Aina ya mesenkaima ina njia yake, tutaifikia.

Karibuni. Leteni namba, si hadithi.

#2 Kioo_cha_Hadubini

Kabla hamjafika kwenye namba za Gy, hakikisheni mnatibu kitu sahihi. Uvimbe wenye gegedu kwenye taya ni wa hatari mpaka uthibitike vinginevyo. Kondroma ya kweli ya taya ni adimu kiasi kwamba mtu akiandika "kondroma" kwenye ripoti ya taya la juu, muombe aangalie tena slaidi zote.

Mtego mkubwa ni osteosakoma, saratani ya seli zinazotengeneza mfupa, ile yenye gegedu. Taya hupenda sana aina hiyo, na kinyama kidogo kinaweza kuchota sehemu ya gegedu tupu. Ukiona hata kipande kidogo cha osteoidi, yaani mfupa mchanga unaotengenezwa na seli za saratani zenyewe, hiyo ni osteosakoma, na mgonjwa anahitaji kujadiliwa kwa ajili ya dawa za kemo. Kipimo cha mabadiliko ya jeni za IDH1 na IDH2 husaidia: karibu nusu ya kondrosakoma za kawaida huwa nayo, osteosakoma haina. Mabadiliko hayo yakikosekana haikanushi kitu.

Uvimbe ukiwa juu, karibu na msingi wa fuvu, ongeza brakyuri, protini inayotafutwa kwa rangi kwenye slaidi, kwenye orodha ya vipimo. Kodoma, uvimbe mwingine wa msingi wa fuvu, huwaka kwa brakyuri, kondrosakoma haiwaki. Zote mbili zinaweza kuwaka kwa S100, protini nyingine ya kupimwa hivyo, kwa hiyo S100 peke yake isiwape usingizi.

Sasa makosa ya mezani. Kinyama kiwekwe kwenye fomalini ya 10% iliyosawazishwa, ujazo wake uwe mara 10 ya nyama. Kipande chenye mfupa kikilainishwa kwa asidi kali, DNA inaharibika na kipimo cha IDH hakitasomeka. Tumieni EDTA, kemikali inayolainisha mfupa polepole, hata kama inachukua siku nyingi zaidi, au tengeni kipande laini kisichohitaji kulainishwa. Na mleteeni mpatholojia picha za CT. Uvimbe wa mfupa haumalizwi kwa hadubini peke yake.

#3 Daktari_Kijana

Asante wakuu. Daraja la 1, 2 na 3 lina uzito gani hasa kwenye uamuzi? Ripoti nyingi zinakuja zimeandikwa "kondrosakoma" basi.

#4 Kioo_cha_Hadubini

Irudishe. Mfumo wa madaraja matatu unatoka kwa Evans na wenzake, 1977, na kwenye kundi lao daraja la 1 halikusambaa kabisa, daraja la 2 lilisambaa kwa 10%, la 3 kwa 71%. Hayo ni ya mwili mzima, si uso peke yake, lakini yanaonyesha kwa nini ripoti bila daraja ni nusu ripoti. Daraja la 2 na la 3 wanahitaji CT ya kifua kabla ya kuanza chochote.

Mesenkaima haina daraja, yote ni kali. Hupenda taya na huwapata vijana. Ina muunganiko wa jeni za HEY1 na NCOA2. Ukiona seli ndogo za duara pamoja na visiwa vya gegedu, itafute.

#5 Kobalti_Mzee

Na hiyo mesenkaima ndiyo inayovunja ile sentensi ya mwanzo moja kwa moja: zile seli za duara huisikia mionzi kuliko gegedu ya kawaida. Hutibiwa kwa kemo inayofanana na ya sakoma ya Ewing (saratani nyingine ya mifupa), upasuaji, na mionzi ukingo ukiwa na shaka. Msiiweke kapu moja na daraja la 1 la ukuta wa kati wa pua.

#6 Daktari_Kijana

Basi tuseme mgonjwa ni daraja la 2, taya la juu la kulia limetolewa, ukingo wa nyuma una seli. Anaanza lini na kwa dozi gani?

#7 Fizikia_Tiba

Kuanza: kidonda kikishapona, lengo likiwa ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji. Kabla ya hapo kuna meno na maski, wenyewe watakuja.

Dozi: Gy 66 hadi 70 kwa Gy 2 kila siku, siku 5 kwa wiki, maana ukingo una seli. Hiyo ni vipindi 33 hadi 35, wiki 7. Kama ukingo ungekuwa safi ila finyu, Gy 60 hadi 66. Uvimbe mzima uliobaki ndani, Gy 70 na kuendelea, na hapo ndipo protoni na kaboni, yaani mionzi ya chembe, zinapoanza kustahili nauli yake.

Kumbuka vikomo ambavyo mpango wowote lazima uvitii, kwa vipindi vya Gy 2 au chini yake. Neva ya jicho na makutano yake: dozi ya juu kabisa, popote pale, isizidi Gy 54 hadi 55. Chini ya 55 upofu wa mionzi ni nadra. Kati ya 55 na 60 unafika takriban 3 hadi 7%, juu ya 60 unapanda kwa kasi. Shina la ubongo Gy 54. Uti wa mgongo 45, wengine huruhusu 50. Retina 45. Tezi ya mate ya parotidi, wastani chini ya Gy 26. Sikio la ndani, wastani usizidi 45. Lenzi ukiweza iache chini ya 10, lakini msiuze uvimbe ili kununua lenzi: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji wa nusu saa, uvimbe ukirudi nyuma ya taya hautoki.

Kama neva na uvimbe vinagusana, andika mapema na mgonjwa asikie kwa masikio yake: ama sehemu ile ipate Gy 54 na hatari ya kurudi ibaki, ama ipate 66 na jicho liwe rehani. Mpango ukishachorwa ndipo uulize, umechelewa.

#8 Pwani_ENT

Naongezea upande wa upasuaji. Ukijua mgonjwa ataenda mionzi, weka vibanio vidogo vya titani kwenye ukingo wenye shaka, viwili au vitatu, kisha andika kwenye ripoti viko wapi. "Nyuma, kwenye bamba la pterigoidi" (mfupa ulio nyuma ya taya la juu) inatosha. Bila hivyo mchoraji wa mionzi anakisia. Na ripoti iseme uvimbe ulitolewa kipande kimoja au kwa kumegamega. Gegedu iliyomwagika ndani ya jeraha huota pale ilipoangukia.

Sahani kubwa za titani zipunguzeni kama mgonjwa anaelekea protoni. Kwa mionzi ya kawaida zinavumilika.

#9 Fizikia_Tiba

Kweli, na hapo kuna kosa la kimya. Skana yenye kipimo cha kawaida cha biti 12 hufikia kikomo kwenye namba 3071 ya kipimo chake cha msongamano (HU), kwa hiyo titani, ambayo msongamano wake ni takriban gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, inasomeka kama mfupa mnene tu. Tumieni kipimo kirefu cha skana au chora sahani kwa mkono na kuipa msongamano wake. Mistari myeupe na myeusi inayotoka kwenye vijazo vya meno nayo ichorwe na ipewe thamani ya maji, la sivyo kompyuta inaamini shavu lina mashimo ya hewa.

#10 Jino_la_Mwisho

Nisikilizeni mapema maana daktari wa meno huitwa siku ya mwisho kila mara. Meno mabovu yaliyomo kwenye eneo litakalopata zaidi ya Gy 50 yatolewe, ufizi ushonwe, na mionzi isianze kabla ya siku 14. Wiki 3 ni bora. Siku 10 ndiyo chini kabisa, na hapo una haraka ya kweli. Meno mazima yaachwe. Kung'oa yote "kwa usalama" ni desturi ya zamani na inamwacha mtu hawezi kula kwa wiki zote 7.

Sababu ya ukali huu ni mfupa kufa kwa mionzi. Taya la chini ndilo huathirika zaidi kwa kuwa damu yake ni chache, na hatari hupanda taya likizidi Gy 60. Uking'oa jino miaka 5 baadaye kwenye eneo lile, shimo linaweza lisipone kamwe. Hatari hiyo haiishi muda.

Floraidi: vikombe vya plastiki laini vya kuvaa kwenye meno, jeli ya sodiamu floraidi 1.1%, dakika 5 hadi 10 kila usiku, atema bila kusukutua kwa nusu saa. Ni ya maisha, kwa sababu mate yakikauka meno huoza shingoni, pale yanapokutana na ufizi.

Kwa taya la juu lililotolewa, bamba la kuziba kaakaa litengenezwe kabla ya maski. Na mjue halitakaa vilevile: nyama inajikunja, mnatarajia kulirekebisha.

#11 Mama_Maski

Hapo ndipo tunapogombana na meno, kwa hiyo tumalize sasa. Bamba linavaliwa kwenye skana au halivaliwi, chagueni moja, na iwe hivyohivyo kila siku. Mgonjwa akiskaniwa na bamba halafu akaja bila, kile kishimo cha hewa kimebadilisha dozi ya ukuta wake.

Shimo la taya lililotolewa likiachwa tupu, mionzi ikitoka hewani kuingia kwenye nyama inahitaji milimita kadhaa kujijenga upya, na hizo milimita ndiko seli zilikobaki. Lijazeni kwa puto la maji, mililita zilezile kila siku, namba iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa kwa wino. Au nta ya meno. Msitumie nishati ya juu kama MV 15 (MV, megavolti, ni nguvu ya mwale). MV 6 inatosha kwa uso na kujijenga kwake ni kwa haraka zaidi.

Maski: shuka ya plastiki inalainishwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 75, ifutwe maji kwanza (wengi wanasahau, mgonjwa anaungua shavu), ivutwe usoni kwa watu wawili, ibonyezwe kwenye kiunga cha pua, kidevu na paji. Subiri dakika 10 ipoe ikiwa juu ya uso. Ukiitoa mapema inasinyaa na kesho yake haiingii. Kabla ya kuivuta, kifaa cha kung'ata kiwe tayari mdomoni: kwa uvimbe wa taya la juu kinashusha ulimi na taya la chini mbali na mwale. Bomba la sindano ya mL 20 linatosha kwa asiyeweza kufungua sana.

Ndevu zinyolewe kabla, nywele zisukwe chini au zikatwe. Mtu akifika wiki ya pili amebadilisha mtindo wa nywele, maski inakaa juu kwa milimita 4, na milimita 4 ndiyo ukingo wenu wote.

#12 Mchoraji_CTV

Kuchora. CT ya kupangia iwe ya vipande vya milimita 1 hadi 2, na iwekwe juu yake MRI ya kabla ya upasuaji na ya baada. Kwenye MRI ya T2, picha inayong'arisha majimaji, gegedu hung'aa sana, kwenye CT utaona vipete na matao ya chokaa. Msichore kwa CT peke yake ukingo wa jicho.

Eneo la hatari, CTV, ni mahali uvimbe ulipokuwa kabla ya upasuaji, na kuongeza milimita 5 hadi 10 kwa daraja la 1, hadi 15 kwa la juu. Lakini kata pale ukuta mzima wa mfupa upo: periosti ya obiti (utando wa mfupa wa tundu la jicho) ikiwa haikuvamiwa, usiingize mafuta ya jicho ndani ya CTV kwa mazoea tu. Fuata kwa makini njia za nyuma, pterigoidi na kiota cha pterigopalatini (kishimo kilicho nyuma ya taya la juu), maana hapo ndipo mgonjwa anaporudi.

Tezi za shingo hazimo. Kondrosakoma ya kawaida husambaa kwenye tezi mara chache mno, na kumuunguza shingo mtu kwa mazoea ya saratani ya koo ni kumwongezea kinywa kikavu bure.

Ukingo wa PTV, nyongeza ya kufidia mgonjwa kusogea, milimita 3 kama kila siku kuna CT ya kwenye mashine, milimita 5 kama ni mara moja kwa wiki. Neva ya jicho nayo ipewe ukingo wa milimita 2 hadi 3 na vikomo vya hapo juu vihesabiwe kwenye ukingo huo, si kwenye uzi mwembamba wa neva wenyewe.

#13 Daktari_Kijana

Kituo chenye mashine ya kobalti tu? Na foleni ni ndefu, wanapenda kufupisha siku.

#14 Fizikia_Tiba

Kobalti ni mashine ya kweli, iliokoa watu wengi na bado inaokoa. Lakini kwa kazi hii ina mipaka miwili.

Kwanza, ukungu wa ukingo wake ni mpana, sentimita 1 na zaidi, kwa hiyo huwezi kukata dozi kutoka 66 hadi 54 ndani ya milimita 5. Mpango wa zamani ni mwale wa mbele na wa pembeni wenye kabari (chuma cha kuinamisha dozi) ya nyuzi 45, wa pembeni ukiinamishwa nyuzi 5 kuelekea nyuma ili usipite kwenye lenzi ya jicho la pili. Kwa mwale wa mbele kata tundu la jicho kwenye maski, mwambie mgonjwa afungue jicho na atazame mbele moja kwa moja: kope iliyofungwa inafanya konea ipate dozi kamili, wakati jicho wazi linafaidi ile milimita 5 ya kujijenga. Mpango huu unamaliza kwa usalama kwenye Gy 54 hadi 60 ukiwa karibu na jicho. Uvimbe wa taya la chini, mbali na macho, unaweza kufika 66.

Pili, chanzo kinachoka. Nusu-maisha ni miaka 5.27, karibu 1.1% kila mwezi. Mwale uliochukua dakika 2 leo, mwaka ujao siku kama hii unachukua dakika 2.28. Jedwali la muda lisipobadilishwa kila mwezi, dozi inapungua kimyakimya, na kwa gegedu kila Gy ina maana.

Kuhusu kufupisha siku, hesabu ni hii. Dozi sawa ya Gy 2 hupatikana kwa kuzidisha dozi jumla kwa (d + α/β), kisha kugawa kwa (2 + α/β), d ikiwa dozi ya siku, na α/β ikiwa namba ya jinsi kiungo kinavyoumizwa na ukubwa wa dozi ya siku: ikiwa ndogo, huumia zaidi. Neva ina α/β ya 2. Gy 55 kwa vipindi 20, d ni 2.75: 55 × 4.75 ÷ 4 = Gy 65.3 kwa neva. Hata neva ikipata sehemu tu, Gy 50 kwa vipindi hivyo 20, ni 50 × 4.5 ÷ 4 = 56.25. Kwenye karatasi inasomeka 50, kila mtu anatulia, na jicho linaona 56. Usifupishe kwenye uso wenye neva ndani ya sentimita 2. Foleni itafutiwe dawa nyingine.

#15 Kobalti_Mzee

Kwa walio huku kwetu: linaki, mashine za mionzi zinazotumia umeme badala ya chanzo cha kobalti, zipo Ocean Road Dar es Salaam tangu 2018, na zipo Nairobi, Kampala na Kigali. Mgonjwa wa aina hii asianze kwenye kobalti "wakati anasubiri". Gy 30 za kobalti zikishaingia, linaki haiwezi kuzitoa kwenye neva, na dozi ya jumla imeshafungwa. Barua ya rufaa itoke siku majibu ya kinyama yanaposomwa.

#16 Pwani_ENT

Na protoni? Wagonjwa wanauliza kila mara, wengine wameshakusanya michango.

#17 Fizikia_Tiba

Protoni husimama. Mwale wa kawaida hupita uso mzima na kutoka upande wa pili. Protoni humwaga nguvu yake mwishoni mwa safari kisha hakuna tena. Ndiyo maana zinaweza kupeleka Gy 70 kwenye msingi wa fuvu na kuacha shina la ubongo chini ya kikomo. Boston waliripoti mwaka 1999 wagonjwa 200 wa kondrosakoma ya msingi wa fuvu, na kwa miaka 10 uvimbe ulidhibitiwa kwa 98%. Villigen, Uswisi, wamekuwa wakichora kwa mwale mwembamba tangu 1996. Kaboni inaua kwa nguvu zaidi hata pasipo oksijeni nyingi: Chiba, Japani, tangu 1994, vipindi 16 kwa wiki 4, Heidelberg, Ujerumani, vipindi 20 vya Gy 3 za kibiolojia.

Msichukue ile 98% na kuiahidi kwa taya la juu. Wengi wa wale 200 walikuwa madaraja ya chini, na ni fuvu, si uso. Inathibitisha tu kwamba gegedu "isiyosikia" husikia ikipewa dozi.

Wanaotoka Afrika Mashariki wengi huelekea India. Chennai kituo cha Apollo kilifunguliwa Januari 2019, na Tata Memorial wana chao Navi Mumbai tangu 2023. Nani anastahili michango: uvimbe uliobaki unaogusa neva, shina la ubongo au fuvu, na watoto. Nani hastahili: taya la chini lenye ukingo safi. Huyo VMAT nzuri (mionzi ya linaki inayozunguka mgonjwa) hapa nyumbani inamtosha, na pesa zile zimlishe.

Hatari ya protoni usoni ni sinasi. Zikipangwa zikiwa na hewa kisha zikajaa kamasi, mwale unaishia kabla ya kufika. Zikipangwa zimejaa kisha zikakauka, mwale unapitiliza hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo CT ya marudio kila wiki au mbili, na mwisho wa mwale usielekezwe kwenye shina la ubongo, kwa sababu nguvu ya kibiolojia hapo huzidi ile mara 1.1 ya mionzi ya kawaida inayohesabiwa kwa protoni.

#18 Sista_Wodi7

Naongea upande wa mgonjwa anavyopita hizo wiki 7. Vidonda vya mdomo huanza wiki ya 2 au ya 3. Kusukutua: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha baking soda, mara 6 hadi 8 kwa siku, atema. Inamwagwa jioni, kesho anatengeneza mpya. SIYO magadi ya kuivishia maharage. Magadi ni makali zaidi na yana uchafu wake, yanachoma mdomo ulio na vidonda. Dawa za kusukutua zenye spiriti hapana.

Uzito upimwe kila wiki kwa mizani ileile. Akipungua, uji wa lishe wenye karanga na maziwa, mchuzi wa samaki uliosagwa, ndizi za kupondwa. Pilipili, ndimu na vya moto vikae pembeni. Mrija wa puani usingoje mpaka apoteze 10%.

Taya kukaza: pimeni ufunguzi wa mdomo kati ya meno ya mbele kabla ya kuanza. Chini ya milimita 35 ni tatizo. Vijiti vya kuangalizia koo vipangwe kwa idadi anayoweza kuuma, anyooshe mara 5 kwa siku, kila Jumatatu aongeze kimoja. Njia ya mkato ni vidole vyake vitatu vimeingia au havijaingia.

Jicho la upande ule: machozi ya bandia tangu wiki ya kwanza, asisubiri likwarue.

#19 Mama_Maski

Akipungua uzito maski inalegea. Ikitembea milimita 5, au vidole viwili vinaingia kati ya shavu na plastiki, skana upya. Msiweke taulo ndani.

#20 Daktari_Kijana

Mashine ikiharibika siku 3? Kwa saratani ya koo tunahangaika sana.

#21 Kobalti_Mzee

Gegedu hukua polepole, kwa hiyo pengo la siku 3 si msiba kama la saratani ya koo. Lakini lisiachwe. Fidia kwa Jumamosi, au vipindi viwili siku moja vikiwa na saa 6 au zaidi katikati. Kilicho marufuku ni kuongeza dozi ya kila siku kuwa Gy 3 "ili tuwahi". Soma tena #14.

#22 Mchoraji_CTV

Sitakubali sana "si msiba". Mesenkaima na daraja la 3 wahesabuni kama saratani nyingine kali, walipwe siku zao wiki ileile.

#23 Kobalti_Mzee

Sawa, hiyo naipokea. Nilikuwa nazungumzia daraja la 1 na la 2.

#24 Daktari_Kijana

La mwisho. Miezi 3 baada ya mionzi, MRI inaonyesha kitu kilichobaki kina ukubwa uleule. Mgonjwa analia, ndugu wanasema mionzi imeshindwa.

#25 Mchoraji_CTV

Ukubwa uleule ndio tunaoutaka. Gegedu ni ute zaidi kuliko seli. Seli zikifa, ute unabaki pale kama chokaa ya jengo lililohamwa. Hupungua kwa miaka, au haupungui kamwe. Kipimo ni kutokukua. MRI ya miezi 3 ni ya kulinganishia, baada ya hapo kila miezi 4 hadi 6 kwa miaka miwili mitatu, kisha kila mwaka hadi miaka 10 na kuendelea, kwa sababu uvimbe huu hurudi hata baada ya miaka mingi. Pima kwa mhimili uleule na T2 ileile. Usikimbilie kuchukua kinyama kwenye mfupa uliochomwa mionzi kama picha mbili mfululizo hazijaonyesha kukua. Jeraha lile ndilo litakalokuwa shida mpya.

Macho yapimwe uwanja wa kuona kila miezi 6 kwa miaka ya mwanzo, maana upofu wa mionzi huja miezi hadi miaka baadaye na hauna maumivu. Kama tezi ya pituitari ilikuwa karibu, kotisoli ya asubuhi na homoni za thairoidi kila mwaka.

#26 Jino_la_Mwisho

Na siku ya mwisho ya mionzi mpeni karatasi yenye dozi ya taya, jino kwa jino: 16, 26, 36, 46 (namba za magego), kila moja limepata Gy ngapi. Siku atakapokwenda kwa daktari wa meno wa wilayani akiwa na jino linalouma, karatasi hiyo ndiyo itakayomzuia asiling'oe.

#27 Fizikia_Tiba

Mfumo wa mipango unaitoa kwa dakika 10. Chora mzizi wa kila jino, chukua wastani. Nitaweka kiolezo hapa kesho.